Mfahamu Maud Menten, daktari aliyeupa namba mwendo wa vimeng'enya

Songea. Uji mzito ukitiwa kimea cha ulezi, baada ya muda unalainika na kuwa mtamu. Kila anayetengeneza togwa hapa Ruvuma analijua hilo. Wasilolijua wengi ni kwamba kazi hiyo inafanywa na vimeng'enya vilivyomo ndani ya kimea, vinavyokata wanga kuwa sukari, na kwamba kasi yake inaweza kupigiwa hesabu.

Hesabu hiyo inabeba majina ya watu wawili: Leonor Michaelis wa Ujerumani na Maud Menten wa Kanada. Leo tumtazame Menten, mwanamke ambaye jina lake linatajwa kila siku vyuoni, lakini maisha yake wachache wanayajua.

Alizaliwa mwaka 1879 katika kijiji cha Port Lambton, Ontario. Baadaye familia yake ilihamia Harrison Mills, upande wa pili wa nchi, British Columbia. Alisoma Chuo Kikuu cha Toronto, akapata shahada ya kwanza mwaka 1904. Mwaka 1907 alikwenda New York, Taasisi ya Rockefeller, kuchunguza athari za radiamu kwenye uvimbe wa saratani. Mwaka 1911 Toronto ilimpa shahada ya juu ya udaktari, wakati ambao Wakanada wanawake wenye shahada hiyo walikuwa wa kuhesabu.

Lakini shahada ni kitu kimoja, na nafasi ya utafiti ni kitu kingine. Kwa mwanamke wa enzi zile, milango ilikuwa finyu. Mwaka 1912, mwaka uleule meli ya Titanic ilipozama, Menten alipanda meli akavuka bahari hiyohiyo ya Atlantiki kwenda Berlin.

Wakati huo Songea yenyewe ilikuwa chini ya Wajerumani, na Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma.

Michaelis hakuwa na cheo kikubwa chuoni. Alikuwa Myahudi, na nafasi nzuri za vyuo vya Ujerumani hazikuwa rahisi kwa watu kama yeye. Alifanya kazi kwenye maabara ndogo ya hospitali. Basi, wawili hao wakaanza kupima kimeng'enya cha hamira kinachoivunja sukari ya kawaida kuwa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi.

Wazo lilikuwapo tayari. Victor Henri, aliyefanya kazi Paris, alikuwa ameandika mlinganyo huo mwaka 1903. Tatizo likawa vipimo: havikuaminika vya kutosha. Henri hakudhibiti hali ya tindikali kwenye mchanganyiko wake, na glukosi iliyotoka kuvunjwa ilimchezea mahesabu, kwa sababu inachukua muda kutulia na kutoa kipimo sahihi kwenye mwanga.

Michaelis na Menten waliziba mianya yote miwili. Walidhibiti tindikali. Kila walipochota sampuli waliitia alkali, ambayo papo hapo ilisimamisha kimeng'enya na kuifanya glukosi itulie. Kisha walipima kasi ya mwanzoni kabisa, kabla sukari zilizovunjwa hazijajaa na kuanza kukizuia kimeng'enya.

Ili kuelewa walichokipata, fikiria mashine moja ya kusaga mahindi. Magunia yakiwa machache, kazi inategemea magunia: yakiongezeka, unga unaongezeka. Foleni ikishakuwa ndefu, hata ulete lori zima, mashine haiwezi kupita uwezo wake. Kimeng'enya nacho kiko hivyohivyo.

Mlinganyo unasema hivi: kasi ni sawa na kasi ya juu kabisa mara kiasi cha sukari, gawanya kwa jumla ya kiasi hicho cha sukari na namba moja maalumu. Namba hiyo ni kiasi cha sukari kinachokifikisha kimeng'enya nusu ya uwezo wake.

Tuseme uwezo wa juu ni 60 kwa dakika na namba maalumu ni 10. Ukiweka sukari 10, kasi ni 30. Ukiweka 20, inakuwa 40, wala si 60. Ukiweka 50, ni 50. Hata ukiweka 110, unapata 55 tu. Mstari unapanda haraka, halafu unalala.

Kazi ngumu ilikuwa kwenda kinyume: kuanza na vipimo, kisha kutafuta namba zinazovifaa. Kompyuta hazikuwapo. Walichora grafu, wakatumia logi, wakapiga hesabu kwa mkono. Kisha wakafuatilia sukari ilivyovunjwa kutoka mwanzo hadi karibu na mwisho, kuona kama namba ni ileile muda wote. Ikawa ileile. Matokeo yalichapishwa mwaka 1913.

Mwaka 2011, Kenneth Johnson na Roger Goody waliyatafsiri matokeo hayo kwa Kiingereza na kuvirudia vipimo vyao kwa kompyuta. Jibu la kompyuta lilikaribiana mno na lile la mkono. Karibu miaka 100 baadaye, si mchezo!

Menten hakuishia hapo. Mwaka 1916 alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Chicago, kisha akafanya kazi Pittsburgh miaka mingi, akiwa pia mtaalamu wa magonjwa katika hospitali ya watoto. Mwaka 1944 yeye na wenzake walitoa njia ya kutumia rangi kuonyesha kimeng'enya kilipo ndani ya tishu. Mwaka huohuo walitumia umeme kutenganisha himoglobini za binadamu, miaka 5 kabla Linus Pauling hajaonyesha kwa njia ya namna hiyo kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu ni tofauti.

Pamoja na yote hayo, uprofesa kamili ulimfikia akiwa anakaribia miaka 70. Alistaafu mwaka 1950, akarudi Kanada na kuendelea na utafiti wa saratani mpaka afya ilipomgomea. Nje ya maabara alipiga klarineti na kuchora picha.

Alifariki mwaka 1960 akiwa na miaka 81. Mwaka 1998 jina lake liliingizwa kwenye orodha ya heshima ya tiba nchini Kanada. Namba aliyoitafuta kwa penseli huko Berlin bado ndiyo ya kwanza kuulizwa kila kimeng'enya kipya kinapopimwa.