Mwalimu Nyerere, Baba wa Familia: Shukrani na Furaha za Kila Siku



Wapendwa wasomaji, kila tunapofika tarehe 14 Oktoba, hapa Singida kama kwingineko nchini, tunasikia hotuba nyingi juu ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Tunakumbushwa uhuru, Muungano, Azimio la Arusha na ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Ni vema. Lakini Kanisa lilipoanza kuchunguza maisha yake, na kumwita Mtumishi wa Mungu tangu mwaka 2005, halikuangalia ofisi yake tu. Mlei anayefikiriwa kuwa mtakatifu huulizwa pia habari za nyumbani kwake. Mtu huyu aliishije na mkewe? Watoto walikula nini, naye alirudi saa ngapi? Alipopungukiwa, alinung'unika au alishukuru?

Katika makala hii tunataka kubisha hodi nyumbani kwa Mwalimu na Mama Maria. Tunafanya hivyo kwa sababu familia nyingi katika jumuiya zetu zinafikiri kwamba shukrani ni ya waliokwisha kupata. Tutashukuru tukimaliza kuezeka bati. Tutafurahi alizeti ikipanda bei. Nyumba tunayoiingia leo inatufundisha jambo lingine.

Mtoto wa mke wa tano

Julius alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na alikuwa na wake zaidi ya ishirini. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Kijana huyu alikua akijua vizuri ndoa ya mitala ni nini, maana alilelewa ndani yake, katika nyumba ya mama yake, akichunga mifugo kama watoto wengine wa kijijini.

Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, kisha akaenda Tabora. Baba yake alifariki mwaka 1942. Tarehe 23 Desemba 1943, siku mbili kabla ya Noeli, alibatizwa Nyegina na kupewa jina la Julius. Alikuwa mtu mzima wa miaka 21 aliyeamua mwenyewe. Kwa ubatizo huo alichagua pia ndoa ya mke mmoja. Kwa mtoto wa mtemi, halikuwa jambo dogo.

Nyumba ya udongo

Baada ya masomo ya Makerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Katika miaka hiyo alimfahamu Maria Waningu, binti wa Mzee Gabriel Magige, aliyezaliwa Baraki, Tarime, siku ya mwisho ya mwaka 1930. Maria alisomeshwa na masista, naye akawa mwalimu. Waliposhikana uchumba, Julius alikuwa anakaribia kwenda Edinburgh, Uskoti. Aliondoka mwaka 1949, akarudi mwaka 1952. Maria alingoja.

Aliporudi alikuwa na shahada ya chuo kikuu, jambo la nadra sana kwa Mtanganyika wa wakati huo. Watu wa Butiama walitegemea kumwona msomi akikaa kitini na kuagiza wengine. Badala yake walimwona akikanyaga udongo, akijenga kwa mikono yake nyumba ya kumkaribisha mchumba wake. Wapo walioshangaa, maana kazi hiyo hawakuiona kuwa ya mtu aliyetoka Ulaya.

Tarehe 24 Januari 1953 walifunga ndoa katika misheni ya Musoma. Zawadi ya kwanza aliyoiandaa mume ilikuwa kazi ya mikono yake. Tunawaambia vijana wetu wanaoahirisha ndoa kwa sababu hawajapata fedha za ukumbi na magari: kulikuwa na bwana harusi aliyeanza na udongo na maji.

Mshahara ulipokoma

Walihamia Pugu, ambako Julius alifundisha katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko. Mwalimu mwenye shahada alikuwa na mshahara wa uhakika, na familia changa ilipata utulivu. Lakini tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, naye akawa rais wake. Machi 1955 alisafiri hadi New York kuitetea Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, haikuwezekana tena kushika yote mawili. Ilimpasa achague kati ya kufundisha na siasa, akaandika barua ya kujiuzulu kazi.

Tufikiri kidogo juu ya Maria siku hiyo. Ndoa ina miaka miwili. Nyumbani kuna mtoto mdogo. Mshahara umekoma, na chama alichokichagua mume hakina fedha. Wanawake wengi wanaosoma makala hii wanajua uzito wa siku kama hiyo, hata kama waume zao waliacha kazi kwa sababu nyingine.

Familia ilirudi Mara. Huko Julius alimfundisha Kizanaki padre wa Shirika la Maryknoll, na akasaidia kutafsiri masomo ya Misa katika lugha hiyo ili Wazanaki wasikie Neno la Mungu kwa lugha ya mama. Ilikuwa miezi ya kipato kidogo. Lakini tunapoitazama kwa imani, tunaona pia neema yake: baba alikuwa nyumbani, karibu na mke na mtoto, na kazi ya mikono yake ilikuwa Injili. Miaka iliyofuata, ya kuzunguka nchi nzima kwa ajili ya chama, haikumpa tena nafasi kama hiyo kirahisi.

Duka la Mama Maria

Waliporudi Dar es Salaam na baadaye kukaa Magomeni, mume alikuwa safarini mara kwa mara. Nani alilisha nyumba? Mama Maria alifungua duka dogo, akauza mafuta ya taa na mahitaji mengine ya nyumbani. Mke wa kiongozi wa chama kikubwa kuliko vyote nchini alipima mafuta ya taa, akahesabu senti. Nyumba ile ya Magomeni leo ni makumbusho, na anayeingia huona jinsi ilivyo ya kawaida.

Hapa tunaomba wanaume wasome polepole. Tunapomsifu Mwalimu kwa kutopenda mali, mara nyingi tunasahau kwamba nyumba isiyopenda mali inahitaji mtu wa kuhakikisha chakula kinapatikana jioni. Sadaka ya Mwalimu ilikuwa na mikono miwili, na mkono mmoja ulikuwa wa Maria. Mungu aliwajalia watoto wanane, na nyumba ya mtu wa namna hiyo haikosi ndugu, wageni na wenye shida. Mwenye kujua ukubwa wa sufuria katika nyumba kama hiyo ni mama.

Banda la kuku la Mji Mwema

Tumefika mahali ambapo sisi wa Singida tunapaelewa kuliko watu wengi. Kwetu kuku wa kienyeji si mapambo ya uwanja. Kuku ni ada ya shule, ni dawa ya mtoto, ni heshima ya kumpokea mkwe. Matenga ya kuku yanayopakiwa kwenda Dar es Salaam yamewavusha watoto wetu wengi.

Mama Maria naye alikuwa na mradi wa kuku, huko Mji Mwema, Kigamboni. Wakati huo mume wake alikuwa tayari Rais wa nchi. Mwaka 1966 Mwalimu alikuwa amejipunguzia mshahara kwa asilimia 20, kutoka shilingi 5,000 hadi 4,000 kwa mwezi. Kisha Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na pamoja nalo masharti ya uongozi. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na mishahara miwili wala nyumba ya kupangisha, na masharti hayo yaligusa mume na mke pia.

Mwalimu aliuza nyumba yake ya Magomeni. Mama Maria alitoa mradi wake wa kuku kwa ushirika.

Sentensi hiyo ni fupi, lakini tusiipite haraka. Kwa mwanamke aliyekwisha kuonja miezi isiyo na mshahara, mradi ule ulikuwa usalama wa watoto. Baba aliandika masharti, na mama akabeba sehemu ya gharama yake. Hatutaki kusema kwamba haikuuma. Tunasema tu kwamba ndoa ilibaki imara, na hapo tunajifunza shukrani ya kweli ni ipi. Mtu anayeshukuru kwa alichonacho anaweza kukitoa, kwa sababu anajua kwamba alikipokea. Mtu asiyeshukuru hukishikilia hata kikimchoma mkono.

Wapo wanaopima sera za miaka ile na kuona makosa, hasa jinsi watu walivyohamishwa vijijini. Mjadala huo ni halali, na makala hii haiufungi. Tunachokiona hapa ni kwamba aliyewataka wengine wajinyime alianza na nyumba yake.

Furaha ambazo hazikununuliwa

Basi nyumba ile ilifurahia nini? Familia ilikaa Msasani, katika nyumba yao wenyewe iliyojengwa kwa mkopo, badala ya kuishi Ikulu. Asubuhi Mwalimu alikuwa na desturi ya kushiriki Misa katika Kanisa la Mtakatifu Petro, Oysterbay, akiketi kati ya waumini wengine. Sisi tunaosoma teolojia tunajua kwamba neno Ekaristi kwa asili yake ya Kigiriki maana yake ni shukrani. Rais aliyeanza siku kwa Misa alianza siku kwa kushukuru, kabla hajafungua jalada lolote la matatizo ya nchi.

Alipenda vitabu na lugha. Katikati ya kazi za urais alitafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili: Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alipenda bao, mchezo ambao hauhitaji umeme wala kiingilio.

Novemba 1985 aliacha urais, akarudi Butiama kuwa mkulima. Mikono iliyokanyaga udongo mwaka 1952 ilirudi shambani. Uzeeni alitunga tenzi za Injili, zikachapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Ukihesabu furaha hizo utakuta shamba, bao, kitabu, Misa na mke wa ujana wake. Nyingi kati yake zinapatikana leo Ilongero, Makiungu, Kiomboi na Manyoni bila kukopa kwa mtu.

Miaka arobaini na sita

Mwaka 1999 alipelekwa London kwa matibabu ya saratani ya damu. Alifariki katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas tarehe 14 Oktoba. Tarehe 23 Oktoba alizikwa Butiama, kijiji kilekile alichozaliwa, na ambako alimjengea mkewe nyumba ya kwanza. Ndoa yao ilikuwa imetimiza miaka 46.

Mama Maria hakuacha kuwa mke kwa kuwa mjane. Kwa miaka mingi amekwenda Namugongo, Uganda, katika hija ya Juni, pamoja na mahujaji wanaomwombea mume wake atangazwe mtakatifu. Ahadi ya ndoa humalizika kifo kinapotenganisha, lakini upendo uliokomaa huendelea kama sala.

Tujiulize

Sisi waseminari, siku moja Mungu akipenda, tutakaa ofisini tukiandaa wachumba kwa ndoa. Tutawafundisha sheria na taratibu, na ni lazima. Lakini je, tutawauliza kama wamewahi kuambiana asante? Je, mume anajua bei ya chumvi? Je, wanapokosa fedha wanaweza bado kuketi pamoja na kucheka?

Na ninyi wazazi wetu parokiani, tunawaomba jambo moja dogo wiki hii. Jioni, kabla ya kulala, kila mmoja amtajie mwenzake kitu kimoja alichofanya siku hiyo ambacho anamshukuru. Huenda amechota maji wakati bomba limekauka, amewafungia kuku, au amekaa na mtoto mwenye homa. Halafu salini Baba Yetu pamoja. Oktoba hii upepo unapiga mawe yetu na mashamba yanangoja mvua, na vihenge vingi vimeanza kupungua. Ndiyo sababu tunawaomba muanze sasa, bila kungoja mavuno.

Tumwombe Mungu, kama ni mapenzi yake, amwinue mtumishi wake Julius Kambarage kwenye heshima ya altare. Na tusimsahau katika sala zetu Maria wa duka la mafuta ya taa, ambaye bila yeye nyumba ile isingesimama.