Meya Aliyeandika Ahadi Kabla ya Kura

Leo napenda kuwasimulia wasomaji habari za Bwana Chittaranjan Das, Mhindi aliyekuwa meya wa kwanza wa kuchaguliwa wa mji wa Calcutta, mji ambao tangu mwaka 2001 unaitwa rasmi Kolkata. Yeye hakuwa Mwislamu. Lakini katika uchaguzi wa manispaa wa mwaka 1924, Waislamu wa mji ule walimtegemea kuliko walivyowategemea baadhi ya wakubwa wao wenyewe, na sababu yake yafaa ielezwe.

Alizaliwa Calcutta tarehe 5 Novemba, 1870, katika ukoo wa mawakili. Akaenda Uingereza kusoma, akashindwa katika mtihani wa kuingia utumishi wa serikali ya India, akageukia sheria. Baba yake, Bhuban Mohan Das, alikuwa mtu mkarimu kupita kiasi, na madeni yakamwelemea hata baba na mwana wakatangazwa muflisi mwaka 1906. Kwa sheria, kutangazwa huko kulitosha kumwondolea kijana mzigo ule. Baada ya miaka michache, uwakili ulipompa mali, Das aliwatafuta waliokuwa wakiwadai akawalipa wote, ingawa hapana mahakama iliyomlazimisha. Sisi tuliofunzwa tangu chuoni uzito wa deni la mzazi hatuhitaji kuelezwa maana ya kitendo hicho.

Sifa yake ilienea alipomtetea Aurobindo Ghose katika kesi kubwa ya mabomu ya Alipore, na mshitakiwa akaachiliwa mwaka 1909. Tangu hapo Das akawa mmoja wa mawakili wenye mapato makubwa kabisa katika Bengal. Kisha, mwanzoni mwa mwaka 1921, akaacha kazi yote ya mahakamani kwa kufuata mwito wa Gandhi wa kutoshirikiana na serikali ya Kiingereza. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, akatiwa gerezani kwa miezi sita. Watu wakampa jina la Deshbandhu, yaani rafiki wa nchi.

Alipotoka gerezani alikuwa na fikira nyingine. Gandhi alitaka mabaraza ya serikali yasusiwe. Das akasema ni afadhali kuingia kwa kura na kuibana serikali humo humo ndani. Mwaka 1923 yeye na Motilal Nehru wakaunda chama cha Swaraj.

Hapa ndipo kwenye kiini cha habari yetu. Waislamu katika jimbo la Bengal walikuwa zaidi ya nusu ya watu wote, lakini wengi wao walikuwa wakulima wa vijijini, na katika ofisi walikuwa wa kuhesabika. Katika mji wa Calcutta wenyewe walikuwa wachache. Kazi za karani, za mhasibu na za mkaguzi zilishikwa na Wahindu waliotangulia kusoma Kiingereza, na kila nafasi ilipotokea ilijazwa na jamaa wa aliyekwisha kuingia. Das hakuwaambia Waislamu wangoje mpaka uhuru upatikane. Mwezi wa Desemba 1923 alikaa na viongozi wao wakaandikiana mapatano, nayo yakajulikana kuwa Mapatano ya Bengal. Yalisema kwamba nchi ikijitawala, Waislamu wapate asilimia 55 ya kazi za serikali katika jimbo. Yalisema pia kwamba misafara isipige muziki mbele ya misikiti, na kwamba Waislamu wasizuiliwe kuchinja ng'ombe kwa ajili ya ibada. Shuruti ya muziki haitamshangaza mtu wa Pwani, ambako zefe la arusi likipita msikitini ngoma hunyamazishwa. Katika Calcutta jambo hilo lilikuwa likimwaga damu.

Mwezi huo huo mkutano mkuu wa Congress uliokutana Coconada uliyakataa mapatano hayo, ingawa mwenyekiti wake alikuwa Maulana Mohamed Ali. Das hakurudi nyuma. Alipeleka shauri lake kwenye kura za mji.

Sheria mpya ya manispaa, ya mwaka 1923, ilikuwa imepanua haki ya kupiga kura na kuwapa wanawake pia haki hiyo. Wapiga kura walichagua madiwani, na madiwani ndio waliomchagua meya, kama ilivyokuwa kwetu Kenya hadi vyeo vya umeya vilipoondolewa mwaka 2013. Chama cha Swaraj kilishinda, na mwezi wa Aprili 1924 Das akawa meya. Naibu wake akawa Mwislamu, Huseyn Shaheed Suhrawardy, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa Pakistan. Kazi ya mtendaji mkuu wa manispaa alipewa kijana wa miaka 27, Subhas Chandra Bose, aliyekubali kupokea nusu tu ya mshahara wa cheo hicho.

Baraza lile lilifungua shule za msingi za bure, likashughulikia afya mitaani, na watumishi wake wakavaa nguo zilizofumwa India. Lakini kipimo cha kweli kilikuwa ajira. Nafasi 33 zilipokuwa wazi, Bose aliwapa Waislamu 25. Kelele zilizuka. Wahindu waliokuwa wakingojea kazi hizo waliona wamedhulumiwa na watu wao wenyewe, na kwa upande wao haikuwa hasara ndogo, maana kazi ya manispaa ilikuwa riziki ya nyumba nzima. Gandhi aliunga mkono uamuzi ule. Das naye hakubatilisha hata nafasi moja. Mimi naona ujasiri wake mkubwa ulikuwa hapo zaidi kuliko gerezani, kwa kuwa anayefungwa na Mwingereza hupigiwa makofi na watu wake, na yeye sasa alikuwa akilaumiwa na waliompa kura.

Mwezi wa Oktoba 1924 serikali ilimkamata Bose, akapelekwa Mandalay. Das mwenyewe afya ilikuwa imeharibika. Alifariki Darjeeling tarehe 16 Juni, 1925, naye hajatimiza miaka 55. Maiti yake ililetwa Calcutta kwa gari moshi, na Gandhi akawa pamoja na umati mkubwa usio kifani ulioisindikiza. Nyumba yake alikuwa amekwisha kuitoa kwa ajili ya umma, ikafanywa hospitali ya wanawake.

Mwezi wa Aprili 1926 fujo kubwa za Wahindu na Waislamu zilizuka Calcutta, na chanzo chake kilikuwa msafara uliopiga muziki mbele ya msikiti. Mwaka huo huo wakubwa wa Congress katika Bengal wakayafuta mapatano. Mwislamu wa kwanza kuwa meya wa mji ule, A.K. Fazlul Huq, alichaguliwa mwaka 1935.