Okot p'Bitek na neno "mkana Mungu"

Okot p'Bitek alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Wengi wanamjua kwa shairi lake refu la Lawino, lililotoka kwa Kiingereza mwaka 1966. Mimi ninamsoma kwa sababu nyingine: natafuta maana ya neno ateisti.

Alilelewa Kikristo, akasoma Gulu na King's College, Budo. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya mpira (ndiyo, mshairi huyu alikuwa mchezaji), akabaki huko kusoma ualimu, sheria, mwishowe anthropolojia, Oxford. Ukristo aliuacha. Darasani Oxford alipinga Waafrika kuitwa washenzi, wala hakusikilizwa.

Mwaka 1970 alitoa kitabu kuhusu dini za Kiafrika na wasomi wa Magharibi. Humo hakuwaonea haya hata Waafrika wenzake, John Mbiti akiwemo: aliona wameivisha miungu ya wazee wetu mavazi ya Kigiriki, ili ifanane na Mungu wa Biblia.

Kisa chake kimoja kinamhusu kila mwanafunzi wa isimu. Mwaka 1911, anaeleza, mapadre wa Kiitaliano walitaka kuwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kiacholi, ndugu wa Kialur cha kwetu Ituri, hakikuwa na kitenzi cha kuumba kwa maana hiyo. Swali likageuka: nani aliyewafinyanga? Wazee wakajibu kwamba hawajui, mtu huzaliwa na mama yake. Mapadre wakazidi kusisitiza. Ndipo mzee mmoja akakumbuka Rubanga, anayempinda mtu mgongo kwa kifua kikuu cha uti. Huyo ndiye hufinyanga watu! Jina likachukuliwa, na Wakatoliki wa Kiacholi wanamwomba Mungu kwa jina hilo mpaka leo.

Basi, wazee wale kabla ya swali walikuwa ateisti? Kiswahili chetu kinasema "mkana Mungu". Lakini mtu hukana deni, au hukana mtoto. Mwenye kusikia anajua tayari kwamba deni lipo na mtoto yupo. Neno limeshahukumu kabla ya kufafanua. "Kafiri" ni tusi, na "mpagani" ana miungu yake. Wazee wale hawakukana chochote, na majoki wao, yaani pepo na nguvu, waliwajua vizuri. Kwangu ateisti ni mtu aliyeelezwa habari za mungu, akazielewa, asiziamini. Okot anaingia humo kwa Mungu wa kanisa. Kwa majoki wa Kiacholi neno halimkamati: aliwachunguza kama sehemu ya maisha ya watu wake, akashughulika na kazi waliyofanya katika ugonjwa na uzazi. Ndiyo maana napendelea "asiyeamini", halafu tutaje asiyemwamini nani.

Baada ya kukosa kazi kwao alifundisha Nairobi miaka mingi. Alirudi Makerere mwaka 1982, akafariki Kampala Julai ya mwaka huohuo, akiwa na miaka 51.