Alexis Kagame, padri aliyeandika siri za wafalme

Mwaka 1969, mwanaakiolojia Mbelgiji Francis Van Noten alifukua kaburi la mfalme Cyirima Rujugira huko Gaseke, kwenye vilima vya Rwanda. Kichwani pa maiti palikuwa na nyundo za chuma. Nyundo hupimwa na kuchorwa, basi. Lakini kwa nini mfalme wa karne ya 18 alizikwa karibu na mwaka 1931, baada ya mwili wake kukaushwa kwa moto na kulindwa vizazi kadhaa? Jibu lilikuwa katika ubwiru, yaani kanuni za siri za ufalme, zilizohifadhiwa kwa kumbukumbu na abiru, watu walioapa kutozitoa. Aliyeziandika ni Padri Alexis Kagame.

Alizaliwa Kiyanza mwaka 1912, akapewa upadri mwaka 1941, akaongoza gazeti la Kinyamateka. Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa ndiye aliyemruhusu kuwasikiliza abiru. Hapo pana uzito. Mwiru aliyesema alivunja kiapo, na siri ikishafika kwenye daftari la padri haina tena mlinzi. Kweli, mwaka 1964 Wabelgiji wawili, d'Hertefelt na Coupez, waliichapisha kitabuni. Hata hivyo naona Kagame alifanya vyema: wazee walikuwa wanakufa, na mwaka 1961 ufalme wenyewe ulifutwa. Bila daftari lile, Gaseke ingetupa mifupa na chuma tu.

Mwaka 1952 alipelekwa Roma. Huko alipata udaktari wa falsafa, na tasnifu yake kuhusu falsafa ya Kinyarwanda ikatoka mwaka 1956. Kitivo chetu kinamjua zaidi kwa kitabu hicho. Alichukua shina -ntu akapata mafungu manne ya vilivyopo: umuntu, mwenye akili, ikintu, kisicho na akili, hata ng'ombe akiwamo, ahantu, mahali na wakati, ukuntu, namna ya kuwa. Hapa Goma hatuhitaji mkalimani: Kiswahili kina mtu na kitu, Kinande omundu na ekindu, Mashi omuntu na ecintu. Mwaka 1976 yeye mwenyewe alitoa kitabu cha kulinganisha lugha nyingi za Kibantu.

Paulin Hountondji wa Benin alimpinga, akitaka falsafa iwe na mtu anayeifikiri na kuijibu, isiwe ya kabila zima. Mimi pingamizi langu ni la kisarufi. Mti na moto viko katika ngeli moja. Je, Mswahili anaviona ni vya jamaa moja? Ngeli hutunza historia ya maneno, na mara nyingi historia hiyo msemaji ameshaisahau.

Katika tarehe pia alibishiwa. Alimweka Rujugira mwishoni mwa karne ya 17. Jan Vansina akamsogeza mbele hadi karne ya 18. Tena Kagame alisikiliza ikulu. Katika masimulizi ya ikulu kila kilima ni cha mfalme tangu zamani, ilhali Bukunzi na Busozo, kusini mwa ziwa letu la Kivu, vilikuwa na wafalme wao hadi Wabelgiji walipovitiisha miaka ya 1920. Anayemsoma akiwa upande huu wa ziwa na amuulize kila ukurasa: nani alikuwa anasimulia, na mbele ya nani?

Kagame alifariki Nairobi tarehe 2 Desemba 1981. Aliacha pia mashairi marefu ya Kinyarwanda, likiwamo lile la kuimba uumbaji.