MJERUMANI ALIYEHESABU MITI JUU YA NDOVU

Mimi hutoka nyumbani alfajiri na kupita ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke kuja shuleni, tena mbio kwa sababu ya kengele. Mwaka jana babu yangu, ambaye ujanani alikuwa akipasua mbao humo, alinisimamisha nitazame vizuri. Akanionyesha visiki. Hapa palikuwa na mbambakofi, pale muhugu, na sasa palibaki vichaka na miti myembamba. Mimi nilidhani msitu hujiotea tu jinsi Mungu alivyopenda. Kumbe kila msitu una historia ya watu waliopita humo! Basi nikaanza kutafuta vitabuni ni nani aliyeanzisha kazi hii ya kupanga mti upi ukatwe na upi uachwe katika nchi za joto, nikakutana na Bwana Dietrich Brandis.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 31 Machi 1824 mjini Bonn, Ujerumani. Baba yake alikuwa profesa wa falsafa. Kijana alisomea elimu ya mimea mpaka akapata shahada ya udaktari (si daktari wa sindano, la, daktari wa mimea) akawa mhadhiri huko huko Bonn. Mwaka 1854 alimwoa mjane aliyeitwa Rachel, binti wa mmisionari Marshman wa Serampore, Bengal. Dada yake Rachel alikuwa ameolewa na Havelock, mkubwa katika jeshi la Waingereza huko India. Ndoa hii ndiyo iliyofanya jina la Brandis limfikie Gavana Mkuu, Lord Dalhousie. Hata zama hizo, kujuana kulisaidia!

Wakati huo Waingereza walikuwa wametoka kuliteka jimbo la Pegu nchini Burma, nchi ambayo siku hizi inaitwa Myanmar. Huko kuna misitu ambayo hupata mvua kubwa kwa miezi kadhaa, kisha jua likakausha kila kitu. Miti hupukutisha majani, na moto hupita chini karibu kila mwaka. Humo ndimo unamoota msaji, ambao wengine huuita mtiki. Sisi watu wa pwani tunaujua msaji tangu zamani, kwani mbao zake zilikuja kutoka India kwa majahazi. Wafalme wa Burma walikuwa wameutangaza kuwa mti wa kifalme, si wa kukatwa ovyo. Waingereza nao waliutaka kwa meli zao. Lakini katika mkoa wa Tenasserim, ambao waliuchukua mwaka 1826, waliwaachia wafanyabiashara waingie na mashoka, na haikupita miaka 30 misaji mizuri sehemu kubwa ilikuwa imekwisha. Dalhousie hakutaka Pegu nayo imalizwe vivyo hivyo.

Brandis alifika mwanzoni mwa 1856. Kwanza alitaka kujua jambo moja ambalo hakuna aliyelijua: misaji ni mingapi? Hakuwa mtu wa kukaa ofisini na kuandika barua tu. Alipanda juu ya ndovu akakata msitu moja kwa moja, joto na homa zikimwandama. Mkono wa kushoto alishika vijiti vinne vya mwanzi, mkono wa kulia kisu. Kila kijiti kilikuwa cha ukubwa fulani wa mti. Akiona msaji anachanja alama kwenye kijiti chake, ndovu anaendelea. Jioni alihesabu alama, naye akapata picha ya eneo kubwa ambalo asingeweza kulihesabu lote.

Hapa hesabu zetu za darasani zinaingia. Mti mkubwa ulikuwa ule wenye mzingo wa futi 6 au zaidi. Brandis alikadiria kwamba mti wa daraja la pili huchukua miaka 24 kufikia daraja la kwanza. Kwa hivyo akasema ikatwe sehemu moja tu ya 24 ya miti mikubwa kila mwaka. Tuseme kuna miti 2,400: utakata 100, na ukiimaliza yote baada ya miaka 24, midogo nayo imekuwa mikubwa. Wafanyabiashara wa mbao walikasirika si mchezo, lakini hakuyumba.

Jambo la pili lilihusu Wakareni, watu wa milimani. Wao walifyeka kipande cha msitu, wakachoma, wakapanda mpunga, kisha wakahama na kuuacha msitu urudi. Shamba la namna hiyo huitwa taungya. Mwanzoni walishtakiwa kortini kwa kuunguza misaji. Baadaye Brandis aliona ni heri kupatana nao: wapande miche ya msaji pamoja na mpunga wao na walipwe, halafu wakihama wanaacha nyuma yao shamba la misaji. Mbinu hiyo ilisambaa mbali. Ule mfumo wa shamba tuliousoma katika Jiografia, wa Wakenya kupanda mahindi na maharagwe katikati ya miche ya misonobari ya serikali, ni wa ukoo huo huo. Kwetu umepigwa marufuku na kurudishwa zaidi ya mara moja.

Sasa nitasema yanayonikera. Vile vijiti vinne vilikuwa vya msaji tu. Katika msitu wa asili msaji husimama mmojammoja kati ya aina nyingi za miti na mianzi, na hiyo mingine haikuwa na bei. Maofisa wa misitu walikata ile iliyoutia msaji kivuli. Palipokuwa taungya palisimama misaji ya umri mmoja, mstari kwa mstari, na aina nyingine chache. Moto nao walijitahidi kuuzuia, Brandis akiwa miongoni mwao. Lakini mche wa msaji ukiungua, mzizi wake hubaki hai na kuchipua tena, wakati miche mingi mingine hufa. Moto ulipozuiwa, mianzi na miti isiyopenda moto ikajaa, na miche ya msaji ikakosa jua. Kabla karne ya 19 haijaisha, maofisa wengine wa Burma walikuwa wakilalamika kwamba wanaulinda msaji mpaka hauzai. Kwa hivyo pori moja lina misaji mingi na jirani yake limejaa mianzi, na huenda sababu si udongo bali ni amri iliyotolewa na mtu aliyekwisha kufa.

Mwaka 1864 alifanywa Mkuu wa kwanza wa Misitu wa India nzima, na mwaka 1878 akaanzisha shule ya misitu Dehra Dun. Mwaka huo huo ilitoka sheria kali ya misitu. Yeye alitaka vijiji viachiwe misitu yao wenyewe, lakini wakubwa wenzake waliotaka serikali ichukue karibu yote walimzidi nguvu. Wanavijiji wengi walijikuta wezi kwa kuokota kuni walizookota babu zao. Lawama hiyo huwekwa juu yake, na mimi naona nusu yake ni haki, maana idara aliijenga yeye.

Alistaafu mwaka 1883 akarudi Ulaya. Vijana walimfuata kutaka mawaidha, mmoja wao Gifford Pinchot, ambaye baadaye aliongoza idara ya misitu ya Marekani. Mzee angeweza kupumzika. Badala yake, akiwa amepita miaka 70, alianza kuandika kitabu cha miti yote ya India na Burma: si msaji peke yake, bali na vichaka, mitambazi, mianzi na minazi, ile yote aliyoipita juu ya ndovu bila kuichanjia alama. Kilitoka mwaka 1906. Alifariki Bonn tarehe 28 Mei 1907, akiwa na umri wa miaka 83.