Francesco Tamagno, Mwimbaji wa Torino

Jina la mji wa Torino si geni kwetu tukaao karibu na Tosamaganga. Huko Italia, katika mji huo, ndiko walikotoka Wamisionari wa Consolata, ambao mwaka 1919 walianza kuishika misheni iliyofunguliwa na Wabenediktini wa Kijerumani. Katika mji huo huo alizaliwa Francesco Tamagno, tarehe 28 Desemba 1850. Baba yake alikuwa na kilabu cha mvinyo, na nyumbani watoto walikuwa wengi na fedha chache.

Tamagno alikuwa mwimbaji wa opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa tangu pazia lifunguliwapo mpaka lifungwapo, huku okestra ikipiga mbele ya jukwaa. Sauti yake ilikuwa ile wanakwaya wetu waiitayo tena. Lakini tena ziko za namna nyingi. Iko nyepesi, ya nyimbo za mapenzi. Na iko nzito, ya mashujaa, ambayo yapasa isikike juu ya matarumbeta na ngoma za okestra nzima bila kipaza sauti. Hii ya pili ni adimu, nayo humchosha mwenyewe. Tamagno alisifiwa kwa sauti hiyo kupita waimbaji wenzake wa wakati ule.

Alianza kama walivyoanza wengi wetu, katika kwaya. Kwaya yake ilikuwa ya ukumbi wa Teatro Regio pale Torino, na mwalimu wake alikuwa Carlo Pedrotti. Kisha akapewa sehemu ndogo ndogo, na mwaka 1874 huko Palermo akaimba sehemu kubwa katika Un ballo in maschera, opera ya Giuseppe Verdi. Hapo ndipo jina lake lilipovuma. Mwaka 1877 aliingia La Scala ya Milano, ukumbi wenye heshima kubwa kuliko zote Italia, akaimba kama Vasco da Gama katika L'Africana ya Meyerbeer. Ni Vasco yule yule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498, ingawa mle katika opera amezuliwa mambo ambayo watu wa pwani wasingeyatambua.

Verdi alimjua vema. Tamagno aliimba katika Simon Boccanegra iliyosahihishwa mwaka 1881, na katika Don Carlo iliyofupishwa mwaka 1884. Basi mzee huyo alipotunga Otello kutokana na mchezo wa Shakespeare (ambaye sisi tulionjeshwa kwa Kiswahili na Mwalimu Nyerere katika Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi), jina la Tamagno lilikuwa midomoni mwa watu. Lakini Verdi alisita.

Otello ni jemadari mweusi wa jeshi la Venisi. Anapotokea mara ya kwanza ametoka baharini katika dhoruba, naye hutangaza ushindi kwa maneno machache ya sauti ya juu kabisa, kabla koo halijapata moto. Kwa hilo Verdi hakuwa na wasiwasi. Wasiwasi wake ulikuwa mwisho wa mchezo. Otello, akiisha kudanganywa na Iago kwa hila ya leso, humuua mkewe Desdemona asiye na kosa. Akiujua ukweli hujichoma kisu, na hufa akimbusu maiti. Mtu wa namna hiyo amevunjika; hawezi kupaza sauti. Verdi alimwandikia mchapishaji wake, Giulio Ricordi, akieleza kwamba Tamagno alizoea kuimba kwa nguvu zote, na kwamba akipunguza, sauti yake huharibika.

Nasi tuliofundisha nyimbo twaijua shida hiyo. Kijana mwenye kifua kikubwa hupenda kukionyesha, na kumwambia apunguze ni kama kumwondolea sahani mbele yake.

Hata hivyo Verdi hakumwacha. Alimfundisha yeye mwenyewe, neno kwa neno. Husimuliwa kwamba kwenye mazoezi mzee huyo wa miaka 73 alipanda jukwaani, akajifanya kujichoma, akaanguka kwa kubingirika hata waliokuwapo wakashtuka, ili Tamagno aone namna ya kufa. Otello ilionyeshwa mara ya kwanza La Scala tarehe 5 Februari 1887. Tangu siku hiyo sehemu ile ikawa ya Tamagno, akaenda nayo London mwaka 1889, kisha Marekani. Alilipwa fedha nyingi. Watu walimsema kuwa ni mbahili; sisi twaona kwamba aliyekulia katika nyumba ya shida huhesabu senti hata akiwa tajiri. Binti yake, Margherita, alimpenda mno.

Moyo wake ulikuwa dhaifu, ukamlazimu kupunguza kazi mapema. Mwezi Februari 1903 watu wa kampuni ya gramafoni walimfuata nyumbani kwake Ospedaletti, kando ya bahari, wakamnasa katika sahani za santuri, naye akafanya mapatano ya kulipwa kwa kila sahani itakayouzwa, jambo lililokuwa geni siku zile. Aliimba akisindikizwa na piano tu. Aliimba Samsoni akiwahimiza Waisraeli, aliimba ule ushindi wa Otello, na aliimba kifo chake. Tamagno alifariki Varese tarehe 31 Agosti 1905, akiwa na miaka 54, akazikwa Torino.

Sahani zile zimehifadhiwa, na siku hizi mwenye simu aweza kuzisikiliza. Zina mikwaruzo mingi. Katika wimbo wa kifo cha Otello sauti ile kubwa inashuka, inakatika, inarudi kidogo kidogo kama pumzi ya mgonjwa, na maneno yote yanasikika.