Jogoo Mmoja, Wagombea Wawili

Kila nionapo beji kuukuu ya jogoo wa KANU hapa Waithaka, namkumbuka marehemu Dkt Njoroge Mungai. Tabibu huyu, aliyesomea Stanford, Marekani, aliingia Bungeni mwaka 1963, akaongoza wizara za afya, ulinzi na mambo ya nje. Alikuwa waziri Nairobi ilipoteuliwa mwaka 1972 kuwa makao ya UNEP. Hata hivyo, mwaka 1974 wapiga kura wa Dagoretti walimwangusha, wakamchagua Dkt Johnstone Muthiora, aliyeaga dunia mwaka uliofuata. Mungai alifariki mwaka 2014.

Walimu, zihifadhini beji hizo, lakini waelezeni wanafunzi kwamba KANU ilikuwa chama pekee: jogoo alikuwa wa mshindi na wa mshinde. Aliyeamua ni mwananchi.